Kwenye flashi inakimbia, ikiingia kwenye diski inaganda

"Habari mtaalamu. Nina kaduka ka kuchapa na kutoa nakala hapa Umoja, Nairobi. Laptopu yangu ni Dell Inspiron 1545 niliyonunua ya mtumba, prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya GB 2, diski ya GB 160. Windows 7 ilikuwa imekuwa nzito, inachukua robo saa kuwaka, kwa hivyo mpwa wangu akaniwekea Lubuntu, aina nyepesi ya Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows. Kwenye flashi, kabla hajaisakinisha, ilikimbia hata nikashangaa. Ilipoingia ndani ikaanza kuganda: kishale kinasonga lakini nikibofya hakuna kinachofunguka, dakika moja au mbili, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Tumejaribu aina nyingine mbili, Linux Mint na antiX, ni yale yale. Siku moja ilipowaka ilileta maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, nikayapiga picha: I/O error, dev sda, sector 48820224. Wi-Fi haionekani kabisa. Saa nayo inarudi 2009 kila chaja ikichomoka, maana betri ilikufa kitambo, na hapo tovuti zote zinakataa kufunguka. Fundi mmoja wa barabara ya Luthuli mjini anasema Linux imeua madabodi, na yuko tayari kuinunua kwa elfu mbili kama spea. Je, nitafute Linux nyepesi zaidi, niweke ile ya 32-bit (ya kompyuta za zamani), au nimuuzie? Halafu kuna jambo linaniuma: picha za mazishi ya baba zilikuwa kwenye ile Windows. Mpwa anasema alizihamisha, lakini sizioni popote."

Dada yangu, nianzie mwisho wa swali lako, kwa sababu hapo ndipo penye haraka. Hizo picha. Zima laptopu hiyo, chomoa chaja, na usiiwashe tena mpaka umalize kusoma. Kila dakika inayowaka, mfumo unaandika kitu mahali fulani kwenye diski, na pengine mahali hapo ndipo ilipolala picha ya baba.

Muulize mpwa wako tena, kwa upole, apekue flashi zake zote na simu yake. Vijana huhamisha vitu wakasahau walikoviweka. Zikikosekana huko bado kuna matumaini, na matumaini yenyewe yanatokana na uzee wa diski. Kusakinisha Linux hufuta orodha ya faili, hakupanguzi diski nzima. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kitabuni: sura bado zimo, ila hakuna tena anayejua zinaanzia ukurasa upi. Lubuntu ikishaingia huchukua takriban GB 10. Hata mkisakinisha mara tatu, sehemu kubwa ya zile GB 160 haijaguswa. Kwenye SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, ningekuwa na wasiwasi zaidi, kwa kuwa mfumo huiamuru SSD isafishe nafasi zilizoachwa wazi. Diski za kuzunguka za enzi ya yako hazina tabia hiyo, hukaa na kilichoandikwa mpaka kiandikwe kingine juu yake.

Kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec ambayo haijali orodha ya faili. Hupitia diski kipande kwa kipande ikitafuta alama ya mwanzo wa picha, kwa sababu kila picha ya JPEG huanza na baiti zile zile, FF D8 FF. Majina ya faili hutayapata, lakini nyuso utaziona. Shida ni kwamba diski yako ni mgonjwa, kama nitakavyoeleza, na mgonjwa wa aina hii hakimbizwi. Kwanza inanakiliwa nzima kwenye diski nyingine yenye nafasi, kwa chombo kama ddrescue, ambacho huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi kisha hurudia zile ngumu. PhotoRec hufanya kazi juu ya nakala hiyo, si juu ya diski yenyewe. Kama picha hizo zina thamani kwako kuliko laptopu, na nadhani ndivyo, hii si kazi ya kujifunzia. Mpe mtu anayeokoa data kwa kazi, na umuulize swali moja tu: utaanza kwa kufanya nini? Asipotaja kunakili diski nzima kabla ya jambo lolote, shukuru uondoke.

Sasa turudi kwenye kuganda. Jibu umeliandika mwenyewe, kwa kupita tu, kama mtu anayetaja mvua ya jana: kwenye flashi ilikimbia. Fikiria maana yake. Ilipokuwa ikienda kwa flashi, prosesa ilikuwa hiyo hiyo, RAM ile ile ya GB 2, feni ile ile, na madabodi ile ile ambayo fundi ameshaizika. Lubuntu nayo ilikuwa hiyo hiyo. Kitu kimoja tu kilikuwa kimekaa pembeni bila kazi: diski. Mpwa wako akasakinisha, diski ikaingia kazini, kuganda kukaanza. Ikaja Mint, ikaganda. Ikaja antiX, ambayo ni miongoni mwa Linux nyepesi kabisa zinazotunzwa leo, ikaganda vile vile. Mgonjwa amebadilishiwa shuka mara tatu na homa iko pale pale.

Madabodi iliyokufa haiwashi flashi. Hilo la fundi tuliweke kando. Wala Linux haijaiua diski. Nadhani diski ilikuwa inaugua tangu enzi ya Windows, na robo saa ile ya kuwaka ilikuwa dalili yenyewe. Tofauti ni kwamba Windows ilikuonyesha kaduara kanazunguka na kukunyamazia, Linux ikakuandikia jina la diski na namba ya mahali panapouma.

Hebu tuusome mstari wako. "sda" ni jina ambalo Linux huipa diski ya kwanza. "I/O error" ni kusema nimeomba kusoma, sikupewa. Hiyo namba ni ya sekta, yaani kipande kidogo cha diski, na kerneli, kiini cha Linux, huzihesabu sekta kwa baiti 512, kwa hivyo 48820224 ukiizidisha kwa 512 unafika karibu GB 25 kutoka mwanzo wa diski. Pale, hasa pale, kuna doa lisilosomeka. Huenda yako mengine.

Na kwa nini kishale kinasonga ilhali kila kitu kimesimama? Diski nyingi za laptopu za wakati ule huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani yenye data bila kuigusa. Kichwa kikifika kwenye sekta dhaifu, diski haikiri kushindwa mara moja. Inangoja sahani izunguke, inajaribu tena, na tena. Kerneli nayo kwa kawaida huisubiri sekunde 30, kisha huipiga diski kofi, yaani huanzisha upya mawasiliano nayo, na kuomba tena. Majaribio mawili matatu ya namna hiyo ndiyo "dakika moja au mbili" zako. Wakati huo wote kishale kinaendelea kwa sababu programu inayokichora imeshakaa kwenye RAM na haihitaji diski. Ukibofya LibreOffice, programu ya kuandikia, inabidi isomwe kutoka kwenye diski, na diski iko pale inagombana na doa lake. Kama laptopu ina taa ndogo ya diski, ukiitazama wakati wa kuganda huenda ukaiona imewaka moja kwa moja bila kupepesa.

Ilipatia wapi ugonjwa huu? Umri watosha. Ila watu wengi wa jiji hili huziumiza diski bila kujua: unafunga laptopu, unaitia kwenye begi kabla haijalala sawasawa, unapanda matatu, na barabara ya mtaani ina matuta unayoyajua. Diski inazunguka begini huku inarushwa juu.

Sasa jaribio, na halihitaji amri hata moja, bisibisi tu. Toa chaja, toa betri, geuza laptopu, fungua kifuniko cha diski, uivute diski itoke. Ifunge kwa kitambaa kikavu na uiweke mahali salama, ndiyo iliyobeba picha. Halafu washa laptopu bila diski, flashi ya Lubuntu ikiwa imechomekwa, ubonyeze F12 jina la Dell linapotokea ili uchague kuwaka kwa flashi. Laptopu haihitaji diski ili iwake. Fanyia kazi zako za kweli siku nzima: andika barua ya mteja, fungua PDF. Usifungue vichupo vingi vya kivinjari, yaani kurasa nyingi kwa pamoja, RAM ni ndogo na hapo hakuna pa kukimbilia ikijaa. Na kumbuka kuhifadhi kazi ya mteja kwenye flashi nyingine kabla hujazima, kwa kuwa mfumo ulio kwenye flashi husahau kila kitu ukizimwa.

Siku ikiisha bila kuganda, kesi imekwisha, diski ndiyo. Ikiganda hata diski ikiwa kabatini, basi nimekosea na nakiri mapema. Hapo nitashuku RAM, ambayo hupimwa kwa Memtest86+ iachwe usiku kucha, au feni iliyojaa vumbi inayofanya prosesa ipunguze mwendo ili isiungue. Lakini sidhani.

Picha zikishaokolewa, na si kabla, unaweza kuirudisha diski uisikilize kwa namba. Kila diski hujiandikia kumbukumbu za afya yake, nazo husomwa kwa amri hizi unazoandika kwenye terminali, dirisha la amri la Linux:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda

Karibu na juu pataandikwa PASSED, na hapo wengi hufurahi wakafunga. Usifurahi. Neno hilo ni la jumla mno, nimeona diski zilizokuwa zinalia huku zimeandikwa PASSED. Shuka chini kwenye jedwali utazame namba ya mwisho kulia. Mstari wa 5 huhesabu sekta zilizokufa zikabadilishwa na za akiba. Wa 197 ni sekta zinazosubiri hukumu, zile zilizoshindwa kusomeka, na ndizo zinazokugandisha. Wa 198 ni zilizoshindikana kabisa. Ukikuta 197 au 198 si sifuri, na inapanda ukipima tena kesho, diski hiyo haiaminiki tena hata kwa orodha ya madeni. Kuna kisa kimoja cha kuiokoa: hiyo mitatu ikiwa sifuri lakini mstari wa 199 una namba kubwa, ugonjwa uko kwenye mgusano kati ya diski na mashine. Ichomoe, isafishe meno yake, uirudishe kwa nguvu ya wastani. Kwa huo mstari wako wa sekta sitegemei bahati hiyo, lakini kuangalia ni bure.

Saa ni jambo dogo. Ndani ya laptopu kuna kibetri cha mviringo, kwa kawaida CR2032, kinachoifanya saa itembee hata umeme usipokuwepo. Kimekwisha. Tovuti zinakataa kwa sababu kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na mashine inayoamini ni 2009 inaona cheti cha mtu ambaye hajazaliwa. Hata apt, chombo cha Linux cha kuweka programu, itakugomea, itasema faili ya Release "is not valid yet". Kwa kawaida Linux hurekebisha saa yenyewe kupitia intaneti, ila wewe huna Wi-Fi, ndiyo maana mambo haya mawili yamefungana. Kwa sasa ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, kwa kubonyeza F2, uweke tarehe kila ukiwasha. Kibetri kibadilishwe siku mashine itakapofunguliwa kwa jambo lingine, haina haja ya safari ya peke yake.

Wi-Fi inataka maelezo zaidi, maana hapa ndipo watu wengi huikatia Linux tamaa. Andika:

lspci -nn | grep -i network

Laptopu nyingi za modeli yako hujibu hivi:

Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM4312 802.11b/g LP-PHY [14e4:4315]

Ukiona 14e4:4315 mwishoni, tatizo lina jina na dawa yake inajulikana. Kadi hiyo ya Wi-Fi haijaharibika, wala Linux haikosi draiva yake, yaani programu ya kuiendesha. Draiva iko ndani ya kerneli, inaitwa b43. Kinachokosekana ni programu dhibiti, kijiprogramu ambacho lazima kimiminwe ndani ya kadi yenyewe kila inapowashwa, la sivyo inabaki kipande cha chuma. Ukiandika sudo dmesg | grep b43 utaiona ikilalamika kwamba faili b43/ucode15.fw haikupatikana. Broadcom haikutoa ruhusa ya faili hiyo kusambazwa kiholela, kwa hivyo wanaotengeneza Linux hawawezi kukuwekea ndani. Walichofanya ni ujanja halali: wametengeneza kifurushi ambacho, kikiwa kwenye mashine yako, hupakua draiva ya Broadcom kutoka intaneti na kuikata hiyo faili kutoka ndani yake. Ndiyo maana kubadilisha Linux tatu hakukusaidia hapa pia. Zote zimefungwa mikono na leseni ile ile.

Na sasa kichekesho: ili upate Wi-Fi unahitaji intaneti. Tumia simu. Chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, ingia kwenye mipangilio ya kushiriki intaneti, uwashe ile ya USB, si hotspot ya kawaida. Linux itaiona kama waya wa mtandao bila kuomba chochote. Bando dogo litatosha. Kisha:

sudo apt update
sudo apt install firmware-b43-installer

Washa upya, mitandao ya majirani itatokea. Kama mpwa wako alikuwa ameshajaribu kuweka bcmwl-kernel-source, aiondoe kwanza, draiva mbili kwenye kadi moja hugombana. Lakini usifanye haya kwenye diski iliyo mgonjwa. Subiri diski mpya. Namba yako ikiwa tofauti na hiyo, usiige amri zangu, niandikie mstari wenyewe.

Tuje kwenye uzito, swali ulilodhani ndilo kuu. Ndiyo, GB 2 ni kidogo leo, lakini kinachozila si Linux. Lubuntu au antiX ikiwa imetulia huacha sehemu kubwa ya RAM wazi. Mlafi ni kivinjari. Fungua barua pepe, eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na WhatsApp ya wavuti kwa pamoja na GB 2 zimekwisha, kisha mfumo unaanza kutumia diski kama RAM ya dharura. Kwenye diski nzima hiyo ni polepole. Kwenye yako ni kumtuma mtu aliyevunjika mguu dukani. Kuna njia ya kupunguza makali iitwayo zram: badala ya kukimbilia diski, mfumo hukamua data isiyotumika kwa sasa na kuiweka humo humo ndani ya RAM ikiwa imebanwa. Weka kifurushi cha zram-tools, fungua faili /etc/default/zramswap, andika PERCENT=50, washa upya. Haileti muujiza, inaleta vichupo viwili vitatu zaidi.

Kwenye Lubuntu kuna jambo moja zaidi. Tangu toleo la 22.04, Firefox ya jamii ya Ubuntu huja kama snap, yaani kifurushi kilichobanwa kinachofunguliwa kila unapokiita. Kwenye mashine mpya hutaona tofauti kubwa. Kwenye Core 2 Duo yenye diski ya kuzunguka, kufunguka kwa mara ya kwanza ni muda wa kwenda kununua chai. Mint na antiX hutoa Firefox ya kawaida, na kwa sababu hiyo peke yake ningezipendelea kwa mashine yako.

Ile ya 32-bit isahau. Kama kuna aliyekushauri hivyo, anasema ukweli nusu: ni kweli inatumia RAM kidogo pungufu. Lakini prosesa yako ni ya 64-bit, na dunia inaihama 32-bit. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake. Utaokoa megabaiti chache leo, na kesho ukose kivinjari kinachosasishwa. Kwa mtu anayeshika vitambulisho na nenosiri za wateja, hiyo ni biashara mbaya.

Kwa hivyo ufanye nini na pesa? Kama picha hazingekuwepo ningesema tu nunua SSD. Iwe ya inchi 2.5, ya SATA (aina ya kiunganishi inachotumia diski yako), GB 120 au 240. Usiuziwe ile nyembamba kama kibao cha RAM, haina pa kukaa. Watakwambia unapoteza pesa kwa kuwa laptopu ya zamani haiwezi kufikia kasi yake. Kweli, SATA ya enzi hiyo inaishia karibu MB 300 kwa sekunde. Lakini faida haiko hapo. Mkono wa diski huchukua milisekunde kumi na kitu kufika mahali, SSD huchukua kama sehemu ya kumi ya milisekunde moja, na kuwaka kwa mfumo ni maelfu ya safari ndogo za aina hiyo. Ndiyo tofauti utakayoihisi mkononi. RAM nayo ikipanda hadi GB 4 utapumua. Laptopu yako hutumia DDR2. DDR3 haiingii, ufa wake uko mahali tofauti, kwa hivyo nenda na kipande chako cha sasa kama sampuli, kama unavyokwenda na kitambaa kununua uzi. Ukifika GB 4 weka Mint ya Xfce, toleo lake lenye sura nyepesi. Ukibaki na 2, antiX.

Kabla hujatoa shilingi, jaribu printa ya duka ukiwa bado kwenye flashi. HP nyingi huonekana zenyewe. Za kampuni nyingine hutegemea modeli, na huduma ya kuchapa bila printa si huduma. Jaribu pia kazi unazofanyia wateja kila siku, ukurasa kwa ukurasa. Nami sitakudanganya: hata ikishapona, hii ni mashine ya barua, fomu na PDF. Video za YouTube zitakwenda kwa ubora wa chini, kwa sababu chipu yake ya picha haijui kufungua muundo wa video wanaotumia sasa, kazi yote inamwangukia prosesa.

Basi piga hesabu: SSD, RAM, kibetri cha saa, na betri kuu, kwa kuwa stima ikipotea katikati ya kazi ya mteja mashine inazima papo hapo. Uliza bei maduka matatu, si moja. Jumla ikivuka nusu ya bei ya laptopu ya mtumba ya Core i5 yenye GB 8, ningeiacha hii nichukue hiyo. Ikiwa chini ya hapo, itengeneze. Na kama leo huna kitu mfukoni na wateja wanangoja, omba mpwa akuwekee antiX kwenye flashi ya GB 16 kwa namna inayohifadhi mabadiliko, antiX ina uwezo huo tayari. Utafanya kazi bila diski kwa wiki kadhaa. Flashi huchakaa ikiandikwaandikwa, kwa hivyo kazi za wateja ziwe na nakala pengine.

Elfu mbili za fundi si wizi, lakini jua anachonunua: skrini nzima, kibodi, chaja, na madabodi ambayo kwa ushahidi wako mwenyewe iko hai. Ukiamua kuuza, uza bila diski. Ukiamua kuitengeneza ukaenda kubadilishiwa diski, kaa pale pale mbele ya meza, omba risiti ya SSD, na diski ya zamani urudi nayo nyumbani hata akikuambia haina maana. SSD hiyo, kabla ya kuisakinishia kitu, ijaribuni kwa programu ya f3, inayojaza nafasi yote kisha kuisoma tena. Vifaa vinavyodai GB 240 na ndani vina robo yake vipo mjini. Na ukifungua sehemu ya betri kuu ukaikuta imevimba, usiibonyeze wala usiitoboe. Iache hivyo hivyo, mpelekee fundi mashine nzima.

Ukishafanya jaribio la siku moja bila diski, niandikie mambo mawili: iliganda au haikuganda, na ule mstari wa lspci kama ulivyo, hadi namba iliyo kwenye mabano ya mwisho.